Nishani ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu nilimjua kwa mgongo. Niliishi nyumbani kwake miaka kumi na saba, nikala mahindi ya shamba lake, nikamzalia wajukuu watano, na mpaka leo ukiniuliza pua yake ilikuwaje nitakuambia kaulize wengine. Lakini mgongo wake ningeutambua katikati ya gulio. Ulikuwa mpana, umenyooka, bega la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia, na juu yake daima kulikuwa na koti la kijeshi lililobakiwa na vifungo viwili.

Asiyekulia kwetu Ibaba, milimani Bundali, atadhani tuligombana. Hatukugombana hata siku moja. Ndivyo tulivyoheshimiana. Kwa desturi yetu ya wakati ule, mkamwana na baba wa mumewe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapokezani kitu mkono kwa mkono. Akija huku, wewe unakwenda kule. Na jina lake, ole wako ulitaje. Hata kanisani nilipomwombea, nilimwambia Mungu "yule mzee unayemjua", na naamini Mungu alimjua. Ndiyo maana hapa pia sitaliandika. Mzee amekwisha kufa, mimi mwenyewe nina wajukuu, na vijana wa sasa desturi hii wanaicheka, lakini kalamu ikifika pale inakataa na mimi siilazimishi.

Salamu zetu zilikuwa kikohozi. Mama Mkwe ndiye aliyenifundisha, juma la kwanza la ndoa, kama mwalimu anavyofundisha irabu. Kikohozi kimoja kikavu: ninapita, jifiche. Viwili vya haraka: chai iko wapi? Kimoja kirefu kinachoishia kwa kusafisha koo: nimekuja na wageni, tena ni wageni wanaojua kula. Mwaka mmoja wa mvua nyingi mzee alishikwa na mafua, nyumba nzima ikavurugika. Nilishinda nimejificha, chai ikapikwa mara saba, na wageni tuliowapikia hakufika hata mmoja.

Siku nyingine tulikutana kwenye kona ya njia ya mtoni. Ukungu wa kwetu ukishuka huoni hata kidole chako, na sauti ya maji ilimziba kila mtu masikio. Tulipotahamaki tumebakiza hatua mbili. Mimi nikarukia kulia, kwenye upupu. Yeye akarukia kushoto, kwenye kijito. Nikajiambia nitatoka akiisha kupita. Naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, akajiambia hatatoka majini mpaka nipite mimi. Basi tukakaa. Mimi najikuna huku nimeziba mdomo, yeye maji yako kiunoni, na kila mmoja anamshangaa mwenzake kwa nini haendi zake. Ukungu uliinuka, jua likatoka, tukaendelea kukaa. Alitukuta Mama Mkwe, aliyekuja kutafuta mtungi wake. Alitazama huku, akatazama kule, akakaa chini katikati ya njia na kucheka mpaka akashindwa kunyanyuka. Jioni mzee alinitumia ujumbe kupitia kwake, kwamba mtoto wa watu apewe mafuta ya ng'ombe ajipake, na ajue kuwa mito ya Burma haikuwa na baridi kama wa kwetu.

Mtoto wa watu ndiye mimi. Hakuniita vingine.

Burma alikwenda kupigana katika vita vya pili vya wazungu, akiwa tayari ana mke, watoto na mvi mbili tatu alizozing'oa asubuhi ya kuandikishwa ili aonekane kijana. Alikuwa na maneno yake kuhusu vita, na lile alilolipenda zaidi lilikuwa hili: mtu akikusimulia vita asitaje tumbo lake, huyo hakufika. Yeye alilitaja. Vita vyake vilikuwa ruba waliopenya mpaka ndani ya soksi, mvua isiyojua Jumapili, nyumbu wa mizigo waliogoma kupanda mlima, na tumbo. Joto la kule alilifananisha na la Kamsamba, kule bondeni, ila alisema Kamsamba angalau mtu anakwenda kwa hiari yake. Ulimngoja amuue mtu katika hadithi zake, hakumuua. Watoto walichoka kumngoja, wakaenda kucheza.

Nilimsikiliza kutoka jikoni, nyuma ya ukuta wa mianzi, na nilicheka peke yangu mara nyingi kuliko ilivyofaa kwa mkamwana.

Mambo yake hayakukubaliana. Alisema siku njema kuliko zote jeshini ni ile aliyotoka, kwa sababu alichoka kuamrishwa. Lakini miche yake ya kahawa aliipanga kwa kamba, na mche uliokwenda pembeni kwa unene wa kidole aliung'oa hata kama umeshika vizuri. Ng'ombe wake aliwaamrisha kwa Kiswahili cha kambini, geuka kulia, simama, na ng'ombe wale, waliozaliwa Ibaba na mama zao wakazaliwa Ibaba, waligeuka kulia. Alilala siku nyingi chini ya mizinga, kwa maneno yake mwenyewe, lakini akimwona kinyonga kwenye ua alizunguka kupitia shamba la jirani. Na wali hakuula. Ndugu zetu walipoleta mchele kutoka bondeni, nyumba nzima tukachangamka kama Krismasi, yeye alikumbuka ghafla mgonjwa wa kumtembelea. Alisema kule unga ulikwisha wakalishwa wali, na tangu hapo akiuona anasikia mvua.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Alipokwenda vitani hakwenda peke yake. Ng'ambo ya kijito alikaa mama mmoja mjane, sisi tulimwita Bibi, na kitinda mimba wake aliandikishwa siku moja na Baba Mkwe. Kijana alikuwa bado anaota ndevu. Bibi aliwasindikiza mpaka mwisho wa mashamba, akaushika mkono wa Baba Mkwe, akamwambia, "Wewe ni mtu mzima. Nitazamie mwanangu." Vita vilipokwisha mmoja alirudi. Serikali ilimpelekea Bibi karatasi iliyosema mwanawe amepotea vitani na hajulikani alipo. Baba Mkwe alikwenda kwake kabla hata ya kuingia nyumbani kwake mwenyewe, akamwambia kwamba hakupotea, amekufa, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemzika, kando ya mto, kabla kikosi hakijaondoka. Bibi alimwamini. Walikaa matanga, akanyoa nywele, mambo yakaisha kwa namna mambo hayo yanavyoisha.

Miaka kadhaa baadaye Bwana Shauri, mzungu wa serikali pale Bomani, alikuja kwenye baraza kugawa nishani. Karani wake akasoma orodha: fulani, alitumika mahali fulani, nishani hizi na hizi. Ilipofika zamu ya Baba Mkwe akapewa nishani moja, ya kutumika tu, na karani akasoma kwa sauti kwamba askari huyu alikuwa kwenye hospitali na ghala za jeshi. Burma haikutajwa. Mzee alisema pale pale kuna kosa. Karani akamwonyesha karatasi. Karatasi ya serikali utabishana nayo vipi?

Hapo kijijini palikuwa na mwanamume mwingine aliyevaa koti la jeshi. Huyu alikuwa mpishi wa maofisa katika kambi moja ya Kenya, na bunduki aliyoijua ni ile iliyoning'inizwa ukutani karibu na sufuria zake. Kwa miaka yote aliteseka kimya kimya kwa sababu hadithi za Baba Mkwe zilipendwa kuliko zake. Sasa alipata pumzi. Alipita kwenye kila pombe akieleza, kwa huruma nyingi, kwamba si vizuri kumcheka mzee wa watu, wengine vita viliwashinda wakabaki ghalani, na njia ya mwongo ni fupi. Watu walicheka. Baba Mkwe naye alicheka kidogo, na kusema kweli nadhani dharau ya Mpishi angeibeba mpaka kaburini bila kulalamika.

Lakini habari ilivuka kijito. Bibi alikuja mwenyewe na fimbo yake, akasimama uani kwetu. Mimi nilikuwa jikoni. Hakuinua sauti. Alisema, "Kama hukufika huko, mwanangu ulimzika wapi?"

Baba Mkwe alimjibu, lakini majibu yake hayakuwa na karatasi. Bibi akaondoka. Kesho yake tulimwona kwenye bonde anakata nyasi, na umri ule, anaezeka upya nyumba ya mwanawe iliyokuwa imeanza kuanguka. Shamba la kijana alilokuwa amempa mpwa wake akalidai. Akaanza kukaa kando ya njia, kila anayerudi kutoka migodini Rodeshia kupitia Tunduma anamsimamisha na kumuuliza kama huko hakumwona kijana mrefu, ana kovu la moto mkononi. Wengine, kwa kuona aibu kumvunja moyo, walisema labda. Hilo "labda" lilimuua Baba Mkwe. Chai ilirudi jikoni imejaa. Ng'ombe wakageuka walikotaka.

Ndipo alipoamua nishani yake iliyokosekana lazima ipatikane. Nakumbuka alivyomweleza Mama Mkwe, kwamba kipande cha chuma hakitaki, wala hana koti zuri la kukitundika, lakini serikali ikisema alifika Burma, basi Bibi atajua mwanawe ana kaburi na ataacha kukaa njiani.

Mara ya kwanza alikwenda kwa mwandishi wa barua pale Tunduma, alipomsindikiza mume wangu kwenda migodini. Mwandishi huyo alikuwa na mwandiko mzuri na tamaa ya kusifia. Aliandika kwamba Baba Mkwe aliteka mzinga peke yake na kumkamata jenerali kwa mikono mitupu. Jibu lilirudi upesi kuliko barua yoyote iliyopata kufika Ibaba, kwamba hakuna kumbukumbu ya jambo hilo. Mwalimu wa shule alipomsomea nakala ya barua yenyewe, mzee aliona haya akashinda kwenye kahawa siku nzima. Mwalimu naye alimshauri asiisumbue serikali, na Mpishi alikuwa rafiki wa huyo Mwalimu, kwa hiyo huko hakurudi.

Nyumbani palibaki mtu mmoja aliyejua kuandika. Nilisoma kwa wamisheni mpaka darasa la nne, na mwandiko wangu ulikuwa wa kusomeka. Mama Mkwe aliniambia sababu iliyomfanya mzee anichague, na mpaka leo sijui niione sifa ama nini: alisema mtoto wa watu hawezi kumwongezea chumvi, maana haruhusiwi kusema naye.

Tuliandika hivi. Mimi jikoni, karatasi juu ya kinu kilichopinduliwa. Yeye nje, amekaa kwenye gogo, mgongo umeelekea ukuta. Mama Mkwe kizingitini katikati yetu, anapokea maneno huku na kuyapeleka kule. Sote tulisikiana vizuri kabisa, maana ukuta wa mianzi hauzuii hata kunong'ona, lakini desturi ni desturi. Neno lake nililisikia, nikalingoja lipite kwa Mama Mkwe, ndipo nikaliandika.

Shida ni kwamba Mama Mkwe hakuwa mtu wa kupitisha mzigo bila kuupima.

"Mwambie aandike kwamba nilipanda meli na kikosi changu mpaka Burma," alisema mzee.

"Anasema alipanda meli," akasema Mama Mkwe. "Andika pia kwamba aliniachia paa la jiko linavuja."

"Hilo halihusu jeshi."

"Lilinihusu mimi miaka minne."

Nani aliyeniruhusu kuchagua? Mimi ni mkamwana, ninaandika ninayoambiwa. Paa likaingia. Baada ya paa yakaingia mengine: milima waliyopanda, nyumbu, mto, kijana wa Bibi aliyepigwa risasi asubuhi wakati wanavuka, jinsi alivyomchimbia kwa sahani ya bati kwa sababu majembe yalikuwa yametangulia, na jinsi yeye mwenyewe siku mbili baadaye alivyoanguka kwa homa, akapelekwa hospitali mbali na kikosi chake, hakurudi tena kwao mpaka vita vilipokwisha. Alipofika kwa kijana alisema polepole, na Mama Mkwe akayapitisha maneno yale bila kuongeza. Nililowanisha karatasi kidogo. Nikaikausha kwenye moto.

Mwishoni nikaandika namba yake ya jeshi, ambayo sisi wote tuliijua kwa moyo kwa kuwa aliitaja hata alipohesabu ng'ombe. Mahali pa jina niliandika: baba wa mume wangu. Sikuona kosa lolote. Ningeandika nini kingine? Kwa hesabu yangu kukiandika kitu ni kukisema polepole. Mama Mkwe hakujua kusoma, mzee vivyo hivyo, barua ikafungwa, ikaenda.

Tulingoja miezi minane. Bibi akamaliza kuezeka, akaanza kukandika udongo.

Jibu likaja kwa Kiswahili cha ofisini. Ofisi ya kumbukumbu za askari imepokea barua yenu. Namba peke yake haitoshi, kwa kuwa vikosi mbalimbali vilitumia namba zinazofanana. Tafadhali taja jina la askari anayehusika. Habari ya paa la jiko haihusu ofisi hii.

Nilisoma kwa sauti. Nilitaka ardhi ipasuke. Miezi minane ya mama wa watu kukaa njiani, kwa sababu ya kalamu yangu iliyojaa adabu. Nililia nikamwomba Mama Mkwe aniombee radhi. Kule nje mabega ya mzee yakaanza kutikisika, moja juu moja chini, na nilipochungulia kwenye mwanya nikaona anacheka. Alisema katika maisha yake ameheshimiwa na watu wengi, ila hajapata kuheshimiwa mpaka serikali ikashindwa kumjua.

Barua ya pili niliandika upya, nikaacha nafasi wazi. Baba Mkwe hakujua kusoma, lakini jeshini alifundishwa kuandika jina lake ili atie sahihi, na hilo moja alilijua barabara. Nikafunga mlango wa jiko, nikaisukuma karatasi chini yake pamoja na kalamu. Alichukua muda mrefu kuandika neno moja kuliko mimi barua nzima. Nilisikia kalamu ikilima. Karatasi iliporudi chini ya mlango ilikuwa na tope pembeni, na mimi nikaikunja huku nikimtazama kuku, jina nisilione. Mama Mkwe alitaka paa liongezwe tena, kwa kuwa safari ile hawakulijibu vizuri. Safari hii tulimkatalia wote wawili, na nadhani ndiyo mara ya kwanza mimi na mzee kukubaliana jambo waziwazi.

Mvua moja ilipita, ya pili ikaanza. Kisha tarishi akaleta habari kwamba mzee anatakiwa Bomani Tukuyu. Alikwenda kwa miguu na akarudi kwa miguu, na siku aliyorudi alisahau kukohoa. Alitokea uani ghafla, mimi nimechuchumaa napepeta maharage, sina pa kukimbilia. Nikajifunika kapu kichwani. Maharage yote yakanimwagikia shingoni. Alinipita nikiwa vile, amebeba kiboksi cha karatasi na bahasha, wala sidhani kama aliniona.

Nishani yenyewe ilikuwa nyota ya rangi ya shaba na utepe wake. Mama Mkwe aliigeuza mkononi, akasema ni ndogo.

Kesho yake asubuhi tulivuka kijito. Habari ilikuwa imetangulia, kwa hiyo kwa Bibi palijaa watu, na Mpishi yupo, amepanga sura ya mtu aliyekuwa anasema hivyo siku zote. Bibi alikaa ndani ya ile nyumba mpya ya mwanawe, karibu na mlango, na wanawake tukaingia kukaa naye. Baba Mkwe, kwa kuwa mimi nilikuwa ndani, alikwenda kusimama nje nyuma ya nyumba, mbele ya kidirisha, mgongo kwetu. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha. Mwalimu wa shule akatoa miwani yake, akanyoosha mkono apewe karatasi asome.

Bibi akakataa. Bahasha aliyopewa na Mama Mkwe aliishika kwa mikono yote miwili.

"Wanaume wamenisomea karatasi tangu mwanangu aondoke," alisema. "Moja ilisema amepotea. Nyingine ikasema huyu hakufika huko. Mimi sijui kusoma, nitajuaje kipi wanakisoma na kipi wanakitunga? Asome mkamwana wake. Na jina alitaje mwenyewe, kwa kinywa chake. Hakuna mwanamke wa Bundali atakayetaja jina la baba mkwe wake kwa ajili ya uongo."

Mpishi alianza kusema kwamba hilo halijapata kutokea, na Mama Mkwe akamtazama mpaka akanyamaza. Mimi niliwaza kuku wa kujitakasa anayetozwa mvunja mwiko, niliwaza mama yangu mzazi atakaposikia, niliwaza ulimi wangu kama kweli utakubali. Kisha nje, nyuma ya ukuta, tukasikia sauti yake.

"Mwambie mtoto wa watu asome."

Mama Mkwe akanigeukia. "Anasema usome," akasema, na hakuongeza neno.

Nikaifungua. Ilisema kwamba kumbukumbu za askari aliyetajwa hapa zimechunguzwa upya. Kwamba jalada lake lilianzia siku aliyopokewa hospitalini, na kurasa za kabla ya hapo zimepatikana katika vitabu vya kikosi chake cha kwanza. Kwamba imethibitika alikuwa na kikosi hicho nchini Burma, katika mapigano, tangu kuteremka melini mpaka alipougua. Kwamba kumbukumbu zake zimesahihishwa na nishani anayostahili amepewa. Nikafika mwisho, mahali pa jina. Herufi zilikuwa za mashine, zimenyooka, hazina huruma. Nikavuta pumzi, nikalitaja. Nililitaja lote, la kwake na la baba yake, kwa sauti ya kusikika mpaka njiani.

"Afande!"

Ilitoka nje kama risasi. Wanawake waliruka. Alikuwa ameitika kama askari anavyoitika asubuhi orodha inaposomwa, visigino vimegongana ndani ya tope, na sidhani kama aliamua kuitika. Watu wakaanza kucheka, hata mimi, kwa hofu na kwa nafuu. Bibi peke yake hakucheka. Alikuwa amegeuza kichwa kuelekea ule ukuta, anasikiliza, kama mtu aliyeelewa jinsi kitu fulani kinavyofanya kazi.

Kisha akalitaja jina la mwanawe. Hakulitaja kwa nguvu. Alilitaja kama mama anavyomwita mtoto aliye shambani aje kula.

Kicheko kikaisha. Sote tulijikuta tunangoja, watu wazima na akili zetu. Mvua ilisikika kwenye nyasi mpya za paa. Hakuitika mtu.

"Nilimzika mimi, Mama," ikasema sauti ya Baba Mkwe. "Nilimlaza ubavu wa kulia, nikamfunika kwa blanketi langu."

Bibi akaniwekea kichwa mapajani akalia, na sisi wanawake tukalia pamoja naye, kama msiba umetokea siku ile. Mzee alibaki amesimama wima kule nje, mgongo kwetu, mvua inamnyeshea, mpaka Bibi alipomaliza.